Komode ya mutoto ifungwe ku ukuta, hata iwe ndogo namna gani

Bwana Mhariri,

Jambo kwenu wote benye munafanya kazi ku gazeti. Miye ni mama wa batoto babili, ninaishi huku Goma, kartie Majengo, na nimekamata biki leo juu ya ile ukurasa yenye mulitoa kuhusu kupanga chumba ya mutoto mu nyumba kidogo. Maneno ilikuwa muzuri, nilisoma yote mpaka mwisho, nikasomea na yaya wangu ku telefone, lakini ile picha, Bwana Mhariri, ile picha ilininyima usingizi. Komode murefu, nyembamba, tiruwari tano kupanda juu, mumeiweka chini ya dirisha, mukatia na poti ya maua juu yake, kitanda ya mutoto iko hapo pembeni. Na mu maneno ya ukurasa muzima hakuna fasi hata moja yenye munasema: mufunge hii kintu ku ukuta. Ile komode ninaijua. Nilikuwa nayo.

Wakati ile tulikuwa tumepanga nyumba ya mbao, zile zenye bantu balijenga mingi juu ya mawe nyuma ya volkano ya tarehe 17 Januari 2002, byumba bibili na salo. Chumba kidogo njo tulimupa mutoto, metre 2,10 kwa metre 2,40, baba watoto alipima yeye mwenyewe. Ukiisha kuingiza kitanda ya santimetre 60 kwa 120, ukahesabia na mulango yenye inafungukia ndani, unabakia na nini? Nikawaza vile kila mama anawazaka: chini fasi haiko, basi nitafute kintu yenye inakula chini kidogo na inapanda sana juu. Nikaingia ku atelie moja ya mu njia, fundi akanionyesha moja ya upana santimetre 50, kutoka ku ukuta kuja mbele 30 tu, urefu metre 1,20. Akasema, "Mama, hii haitakusumbua, ni kama haiko mu chumba." Nikalipa, chukudu ikatuletea mpaka ku mulango, nikashukuru Mungu.

Mutoto akafikisha mwaka moja na miezi nane. Siku moja asubui nilikuwa inje nafula nguo, nikasikia mushindo moja tu, kiisha kimya, na kimya ya mutoto inaogopesha kuliko kilio. Nilikimbia na povu ku mikono. Alikuwa amevuta tiruwari ya chini, akavuta ya pili, akapanda mule ndani kama vile ni ngazi, juu alikuwa anataka kufikia kofia yake ya rangi nyekundu yenye nilikuwa nimeweka juu. Komode ilikuja yote mbele. Lakini haikufika chini, ilisimama ku mbao ya kitanda, ikabakia imeinama, mutoto chini yake, amekaa na matako, macho wazi, kidole ya mukono inatoka damu kidogo. Ile kanafasi kidogo kati ya komode na kitanda, yenye nilikuwa nalalamikia kila siku kwamba haitoshi, njo ilimuacha hai. Kama chumba ilikuwa kubwa, leo ningekuwa naandika barua ingine.

Sasa nilipotulia njo nilianza kutafuta kujua, nikauliza bafundi, nikasoma ku telefone usiku mpaka bateri inazimika, na kintu yenye niligundua njo ninataka basomaji benu bajue. Chumba kidogo yenyewe njo inatusukuma kuchagua komode mubaya. Juu fasi ni kidogo tunachagua nyembamba, na nyembamba njo yenye inaangukaka. Komode yenye tiruwari zote zimefungwa, uzito yake inakaa katikati ya miguu, haina shida. Ukivuta tiruwari moja yenye imejaa nguo, uzito inakuja mbele. Ukivuta mbili, inakuja zaidi. Halafu mutoto wa kilo kumi na moja anaweka mwili yake yote kule ku mwisho ya tiruwari, mbali na ukuta, hapo hata komode ya mbao nzito inaenda. Ile ya santimetre 45 ao 50 kutoka ku ukuta iko na miguu ya kushindana kidogo, ile ya 30 haiko nayo hata kidogo. Na mutoto haitaji nguvu, anaitaji tu ile mwanya yenye wewe uko inje unafula.

Tusiseme ni juu ya bafundi ya Goma hawajui. Ku Marekani, kule kwenye bintu byote binapimwa, kampuni ya IKEA tarehe 28 Juni 2016 ilitangaza kurudisha komode karibu milioni 29, juu batoto badogo balikuwa bamekufa chini yazo. Milioni makumi mbili na kenda! Na zilikuwa zinauzishwa na bipande bya kufungia ku ukuta, lakini mu manyumba mingi habikufungwa. Nyuma ya pale bazazi benye balipoteza batoto balisumbua serkali mpaka sheria ikatoka mu Desemba 2022, na tangu Septemba 2023 komode ya nguo yenye kuuzishwa kule, kuanzia urefu ya santimetre 68 na kidogo, lazima ipimwe na tiruwari wazi, na uzito ndani, juu ya tapi, na kwa uzito ya mutoto mpaka kilo 27, isianguke. Santimetre 68, Bwana Mhariri, hapo ni ku mapaja yangu. Ile ya picha yenu inanipita kifua.

Na sisi tuko na kintu yenye bale hawana kila siku, inchi yetu inatetemeka. Nani alisahau Mei 2021? Volkano ya Nyiragongo ilipasuka jioni ya tarehe 22, siku ya posho, na bantu bengi banakumbuka moto, lakini miye ninakumbuka zaidi zile siku za nyuma, mitetemeko asubui, mitetemeko usiku, mabati inalia, ukuta za bajirani zinapasuka, mpaka tarehe 27 balipotuambia kartie kumi zitoke, na yetu ilikuwa ndani, tukaenda Sake na batoto ku mugongo. Tuliporudi tulikuta mu nyumba bintu byote byenye habikufungwa byametembea. Komode, wakati ile nilikuwa nimeisha kuibadilisha, ilikuwa fasi yake. Etajere ya bitabu ya baba watoto ilikuwa chini, kifudifudi. Bukavu nao banajua, tarehe 3 Februari 2008 ilikuwa ni siku ya yenga, bantu bako ku kanisa, udongo ikatikisika vibaya sana. Kwa hiyo mutu akiniambia mutoto wake ametulia, hapandaka juu ya bintu, ninamujibu kwamba udongo ya kwetu haitulie.

Basi mama mwenye iko na chumba kidogo afanye namna gani? Aache komode? Hapana. Nguo za mutoto mu mifuko chini ya kitanda, panya inaingia, unyevu inaingia, na usiku unatafuta pampasi na mwanga ya telefone. Komode inaitajika. Lakini tuchague na akili.

Kwanza kupima, na hapa njo ninataka kukaa kidogo juu hapa njo watu benye pesa na benye hawana bote banakosea. Tunapimaka komode yenye imefungwa. Unakuta santimetre 40 kutoka ku ukuta, unasema sawa, itaingia. Lakini komode yenye imefungwa haina kazi, kazi yake ni kufunguka, tiruwari inatoka santimetre 30 ao 35, na wewe mwenyewe uko nyuma yake unainama, unaitaji 50 ingine, na kama umebeba mutoto ku mukono moja unaitaji zaidi. Hesabu: 40 na 30 na 50, inafanya metre moja na 20. Mu chumba yangu ya metre 2,10 nikitosha 120, nikitosha 60 ya kitanda, inabakia santimetre 30. Inaenea, lakini kama ningekamata ile ya santimetre 55 yenye mukwe wangu alikuwa anapenda, ingebakia 15 tu, na mutoto ku mukono tungekuwa tunabanana maisha yote. Njo mana miye niliweka gazeti za zamani chini, nikazikata kwa kipimo ya komode, nikaweka na ingine kwa kipimo ya tiruwari wazi, nikasimama pale na mutoto ku mukono, nikafungua mulango na kufunga. Gazeti yenu ilinisaidia mu ile kazi, tena mara mbili. Na pima mulango ya nyumba na kolwari mbele ya kulipa, nyumba mingi hapa mulango ya chumba ni santimetre 70, na chukudu itakuletea kintu mpaka inje lakini haitakuingizia.

Urefu sasa. Wengi tunatumiaka komode kubadilishia mutoto pampasi pale juu, mu nyumba kidogo ni akili, kintu moja inafanya kazi mbili. Kwa ile, urefu ya santimetre 85 mpaka 90 njo inafaa mugongo ya mama, nyuma ya kuzaa mugongo inaomba huruma, na bale benye kupasuliwa banajua vile kuinama kunauma. Chini ya pale utalalamika kila siku. Lakini muone, 85 ni zaidi ya ile 68 ya Bamarekani. Maana yake hata komode fupi, yenye sisi tunaita ndogo, iko mu ile zenye zinaweza kuua. Haiko murefu na fupi, njo iko yenye imefungwa na yenye haijafungwa.

Mutoto alale kwa upana ya komode, asilale kichwa ku ukuta na miguu kwako, juu santimetre 40 haimutoshi. Fundi aongeze kingo ya mbao ya santimetre kumi juu, pande tatu, na ile kingo ashikishe na visi, si na kole tu. Na mukono moja ibakie juu ya mutoto. Mutoto wa miezi ine anaweza kugeuka leo hata kama jana hakujua kugeuka.

Sasa kufunga. Ni visi ine na ekere mbili, bile bipande bya chuma byenye kukunjwa kama L, kintu ya bei ya kilo moja na nusu ya sukari, na fundi anamaliza mu nusu saa. Ekere inashikwa juu kabisa ya komode, ku mbao ya nguvu ya nyuma, si ku ile tripleksi ya mugongo, juu tripleksi mutoto atairarua na komode itaenda. Upande wa ukuta, kama nyumba ni ya mbao, usifunge ku plashi, zile mbao za kufunika ukuta, plashi ni nyembamba, visi itatoka kama jino bovu, tafuta shevro, ile mbao nene yenye inabeba plashi, gonga gonga na kidole unasikia fasi yenye haitoe sauti ya wazi, pale njo pa kutia visi. Kama ni matofali ya simenti ao mawe yetu meusi, itaitaji perseze ya kutoboa na shevi, vile vya plastiki vya kushika visi mu tundu, namba 8 inafaa, na mutoboe mu tofali yenyewe ao mu jiwe, si mu chokaa ya katikati, ile inakuwaka ya unga unga. Ukiisha, shika komode juu, uvute na nguvu zako zote za mutu mukubwa. Kama imesogea, haijafungwa.

Mwenye nyumba atakataa kutobolewa ukuta, hiyo ninaijua. Wa kwetu alikataa. Nilimuendea na heshima, nikamwambia, "Papa, tundu mbili za kidole, nitaziba na simenti siku nitatoka, nitapaka na rangi." Akasema atafikiri. Nikarudi na mutoto, nikamuonyesha kovu ku kidole. Akakubali palepale, na nyuma ya wiki mbili akaniomba fundi wangu kwa kabati ya bajukuu bake. Bapangaji, musiogope kuomba.

Kuhusu mbao, ninaweza kusema kwamba bafundi ya hapa banaweza kutufanyia kintu yenye inapita zile za karto zenye zinaingia kutoka mbali. Aglomere, ile mbao ya unga yenye kushikishwa na kole, ni muzuri ku macho, lakini ikipata maji inavimba, na mu hii mutaa ya ziwa na mvua itapata maji tu, na visi ikitoka mara moja hairudie kushika tena. Tena kole yenye bafungishiaka ile unga ya mbao inatoaka mupumo ya formaldehide, kintu yenye shirika ya kimataifa ya uchunguzi wa kansa iliweka tangu 2004 mu bintu byenye binaleta kansa. Mutoto mu chumba kidogo na dirisha moja, njo anapumua ile. Mbao ya libuyu ni nzito, na kwa sanduku ya komode uzito ni rafiki, lakini tiruwari bazifanye na mbao nyepesi na tripleksi chini, kusudi uzito ibakie nyuma na isikuje mbele. Kalitusi yenye haijakauka, hapana. Itapinda mu musimu ya kiangazi na tiruwari itakwama, na tiruwari yenye imekwama unaivuta na nguvu, na kuvuta na nguvu njo komode inakuja. Uliza fundi mbao imekauka miezi ngapi, na akisema "Mama usijali", ujali. Kama tiruwari inakwama kidogo mu mvua, pakala mushumaa ao sabuni kauka ku njia zake, inateleza kama mafuta.

Omba pia fundi atie kizuizi nyuma ya kila tiruwari, kipande ya mbao tu, kusudi isitoke yote ikamuanguka mutoto ku miguu. Na ku fasi ya kushika, achonge tundu ao akate mbao kwa juu, bile bibutoni byenye kutoka inje ni ngazi ya kupandia, na ikilegea inaingia mu kinywa. Rangi, soma ku kopo kama haina plomb, ile chuma ya sumu, juu mutoto ataramba kingo ya komode, bote banaramba, na plomb inaharibu bongo ya mutoto hata ikiwa kidogo. Komode ya okazio yenye imepakwa rangi zamani na inaanza kubambuka, ipite. Rangi ao verni mupya ikauke wiki kadhaa inje ao mu salo, dirisha wazi, mbele ya kuingia kwa mutoto. Kama mimba iko miezi saba, huo njo wakati ya kuagiza, si siku ya kutoka maternite.

Bintu bizito chini, pampasi na mashuka, nguo nyepesi juu. Juu ya komode kusibakie kintu yenye mutoto anatamani, hakuna telefone, hakuna biskwi, hakuna kofia nyekundu. Na chini ya dirisha, Bwana Mhariri, hapana, hata kama mwanga ni muzuri kwa picha.

Ninaomba bintu bibili tu. Mu nambari yenye inakuja mutoe picha ingine, komode fupi, na ekere zionekane wazi, si zifichwe juu ya uzuri, kusudi mama mwenye hajui kusoma aone. Na mutie neno kwa bafundi ya Birere, ya Katindo, ya Ndosho na kila fasi: komode yoyote yenye inaenda mu chumba ya mutoto isitoke ku atelie bila ekere zake na visi zake, bei ihesabiwe ndani, na fundi aende kufunga yeye mwenyewe. Wangu sasa anafanyaka vile kwa kila mukiriya, alianza nyuma ya kuona kidole ya mutoto wangu.

Kwa mwenye anataka kupelekea fundi wake kipimo, ya kwetu ya leo ni hii: upana santimetre 80, kutoka ku ukuta kuja mbele 42, urefu 86 bila kingo, tiruwari tatu, miguu fupi ya santimetre 5 yenye haiingie ndani ya sanduku, ekere mbili juu. Mutoto wa pili iko na mwaka moja na nusu sasa, jana alivuta tiruwari ya chini akasimama mule ndani akipiga makofi, na komode haikutikisika.

Mama wa batoto babili,
Majengo, Goma